Tulivyohamisha mfumo wetu wa miradi kutoka Project Server 2013

Tarehe 11 Aprili 2023 Microsoft walisitisha huduma kwa Project Server 2013, programu yao ya seva ya kusimamia miradi. Tangu siku hiyo hakuna tena marekebisho ya usalama. Sisi ni kampuni ya ujenzi yenye makao Dar es Salaam, na mfumo huo ndio uliobeba ratiba za miradi yetu ya maji na barabara, orodha ya wahandisi na mafundi, saa walizofanya kazi, na hatua ambazo mkandarasi mdogo akizikamilisha ndipo analipwa. Kuuacha hivyo ni kuhatarisha watu pamoja na fedha zao. Nilipokabidhiwa kupanga uhamisho niliipokea kazi kwa moyo wote, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu ambaye bado yuko kwenye toleo hilo na hajui aanzie wapi.

Kwanza ilibidi tuamue tunahamia wapi. Mkurugenzi wa fedha alielekea kwenye wingu, yaani seva za Microsoft zinazofikiwa kwa intaneti: kwa Project Online wakati huo hukununua seva, ulilipa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mkongo wa baharini zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Barua pepe zilisuasua na mikutano ya video ikashindikana, ila wahandisi wetu wa Mwanza na Dodoma waliendelea kufungua ratiba zao, kwa sababu seva iko Dar na njia ya kuifikia ni ya humu humu nchini. Mjadala uliishia hapo. Mwaka uliofuata Microsoft walitangaza kwamba Project Online yenyewe itafungwa tarehe 30 Septemba 2026, kwa hiyo waliohamia huko nao wana safari nyingine ya kupanga.

Kuhusu toleo, Project Server 2016 na 2019 zote zinafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Julai 2026. Sikuona maana ya kuhangaisha kampuni nzima kwa ajili ya toleo linaloelekea kuzeeka. Tukachagua Subscription Edition, toleo la Project Server linaloboreshwa mfululizo. Shida yake ni kwamba haipokei data ya 2013 moja kwa moja. Inapokea iliyotoka 2016 au 2019, na hiyo 2019 nayo inataka iliyopitia 2016. Kwa hiyo 2016 haikwepeki, hata kama hakuna mtumiaji atakayeiona. Tuliisimika kwenye seva pepe za muda, tukijua zitafutwa kazi ikiisha.

Inafaa kuelewa kinachotokea kwenye kituo hicho cha kati, maana ndipo penye uzito. Katika 2013 taarifa za miradi zina hifadhidata yake, na kurasa na nyaraka za SharePoint, jukwaa la Microsoft ambalo Project Server huendeshwa juu yake, zina nyingine. Kuanzia 2016 Project Server imekuwa sehemu ya SharePoint, na majedwali yote ya miradi huingizwa ndani ya hifadhidata ya maudhui, ile ya kurasa na nyaraka. Amri inayofanya hivyo ni Migrate-SPProjectDatabase. Mipango ya zamani ya kugawa watu kwenye miradi nayo hugeuzwa kuwa maombi ambayo meneja wa watu huyaidhinisha, kwa amri ya Migrate-SPProjectResourcePlans. Kutoka 2016 kwenda Subscription Edition mwendo ni mwepesi, maana unabeba hifadhidata moja badala ya mbili. Kumbuka pia kwamba nakala ya hifadhidata ikishafunguliwa kwenye SQL Server (programu inayotunza hifadhidata hizi) ya toleo la juu hairudi kwenye toleo la chini. Usalama wako wote, basi, uko kwenye kuiacha seva ya zamani ikiwa nzima, bila kuguswa, mpaka siku utakaporidhika.

Haya yote yamo kwenye maelekezo ya Microsoft na mtu mwenye subira atayapata. Ambayo hayamo ni yale yaliyo vichwani mwa watu wa ofisi yako. Nilipita idara kwa idara na swali lile lile: unaufungua mfumo kwa kazi gani, siku gani, na unatoa nini humo? Mama anayesimamia malipo alinipa jibu lililobadilisha mpango wangu wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mnahamisha mfumo. Sikiliza, kuanzia tarehe 24 mpaka mishahara itoke, msiuguse. Mafundi wote wa saiti wanalipwa kwa saa zilizo humo."

Kisha akanionyesha faili la Excel linalovuta saa hizo moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata. Lilitengenezwa na mtumishi aliyeondoka zamani. Halikuwa kwenye orodha yoyote ya kitengo chetu cha TEHAMA, na malipo ya mamia ya watu yalilitegemea. Baada ya hapo nilitafuta mafaili ya namna hiyo kwa nguvu zangu zote: nilimwomba msimamizi wa hifadhidata arekodi kila akaunti inayosoma majedwali ya ripoti kwa mwezi mzima, ikiwemo mwisho wa mwezi, ndipo nikawafuata wenyewe mmoja mmoja. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu katika maandalizi, fanya hilo. Mtu husahau kukutajia ripoti yake, seva haisahau.

Wakati huo huo maombi yalianza kumiminika. Meneja mmoja alitaka tubadilishe muundo wa ruhusa, mwingine alitaka fomu mpya za kuidhinisha miradi, mwingine rangi na nembo. Kupanga ni kuchagua. Niliyaandika yote na nikasema hakuna hata moja litakaloingia kwenye uhamisho. La ruhusa ndilo nililolikataa kwa ukali zaidi: Project Server ina mfumo wake wa makundi ya ruhusa na pia inaweza kutumia ruhusa za SharePoint, na ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine makundi yote uliyojenga yanafutika. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, tatizo likitokea hutajua kitu gani kimelileta.

Sasa nije kwenye mazoezi, ambayo kwangu ndiyo mpango wenyewe. Wengi huandika ratiba ya uhamisho kwanza, halafu hufanya jaribio dogo kuthibitisha kwamba ratiba inawezekana. Mimi nilikataa kutaja tarehe mpaka tuwe tumehamisha nakala kamili ya data yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye seva za majaribio. Nilisisitiza nakala kamili, kwa sababu kipande cha data hakikuonyeshi matatizo, na wala hakikuambii muda.

Mfumo wetu ulizaliwa kwenye toleo la 2010, na amri ya Test-SPContentDatabase, inayokagua hifadhidata kabla ya kupandishwa toleo, ilituonyesha masalia yake: vipande vya kurasa vilivyotegemea programu ya ziada iliyokwisha ondolewa, tovuti za miradi ambazo bado zilikuwa kwenye sura ya 2010, na watumiaji waliosajiliwa kwa njia ya zamani ya kuingia ambayo 2016 haiikubali. Kila tulichokiona tulikitengeneza kwenye mfumo wa zamani unaotumika, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Hili nalisisitiza. Ukisubiri kurekebisha katikati ya uhamisho, unafanya kazi ya kifundi usiku ukiwa umechoka. Ukirekebisha mapema, watumiaji wenyewe wanakupimia kila siku kama marekebisho yako ni mazima.

Mazoezi yalitufunza pia kuhusu ukubwa. Amri za kupandisha toleo hazikula muda mwingi. Kilichokula muda ni kunakili data kutoka diski moja kwenda nyingine, na sehemu kubwa ya data hiyo ilikuwa picha za saiti zilizopandishwa na wahandisi kutoka kwenye simu zao, pamoja na matoleo ya zamani ya nyaraka zile zile. Tulikaa na wakuu wa miradi, tukahamishia picha za miradi iliyokwisha kwenye hifadhi nyingine na kupunguza idadi ya matoleo yanayotunzwa. Hapo hapo tukapitia orodha ya watumishi walioondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tusihifadhi taarifa za mtu kupita hitaji. Tulibakisha jina pale ambapo saa za mtu zinahitajika kwa ukaguzi wa mradi, na viwango vya malipo visivyo na kazi tukaviondoa. Zoezi lililofuata lilichukua karibu nusu ya muda wa lile la kwanza.

Ripoti zilinipa kazi ndefu kuliko nyingine zote. Katika 2013 majina ya majedwali ya ripoti yanaanza na dbo. Kuanzia 2016 yanaanza na pjrep, na kila jedwali lina safu ya SiteId inayotaja tovuti ya miradi iliyo mwenye data. Ulizo la zamani, yaani amri inayovuta data kutoka kwenye majedwali hayo, halitafanya kazi hata kidogo, na ulizo lililobadilishwa jina tu bila kuchuja SiteId linaweza kuchanganya tovuti mbili zilizo kwenye hifadhidata moja. Tuliandika upya kila ulizo, likiwemo la mama wa malipo, na kila moja likapewa mwenye nalo wa kulithibitisha. Aidha, Excel Services iliyokuwa ikionyesha ripoti ndani ya kivinjari iliondolewa kwenye SharePoint 2016. Anayeitaka husimika Office Online Server pembeni. Sisi hatukuisimika. Watu wetu wana Excel kwenye kompyuta zao, na seva moja zaidi ya kutunza kwa ajili ya kuokoa mbofyo mmoja haikustahili.

Baada ya kujua muda halisi ndipo tukatafuta siku. Iddi ya 2025 iliangukia tarehe 31 Machi na 1 Aprili, mwisho wa robo mwaka, wakati ripoti za wateja zinatoka, haikufaa. Pasaka ilitupa siku nne mfululizo, kuanzia Ijumaa Kuu tarehe 18 hadi Jumatatu tarehe 21 Aprili, na bado ilituachia pumzi kabla ya tarehe 24 ya mama. Wenzetu Waislamu walijitolea kushika zamu za mchana wa Ijumaa Kuu na asubuhi ya Jumapili ili tulio Wakristo twende ibadani, na sisi tukachukua zamu zao za Iddi ya kuchinja mwezi Juni. Nawashukuru sana. Mpango mzuri unahitaji watu waliolala na waliosali.

Alhamisi jioni tuliufunga mfumo wa zamani ubaki wa kusomwa tu. Kabla ya hapo kila mhandisi alikuwa ameombwa arudishe kwenye seva miradi aliyoifungua kwenye Project Professional, programu ya ratiba iliyo kwenye kompyuta yake, na kusafisha nakala zilizobaki kwenye kompyuta yake. Waliosahau tuliwapigia simu, na kwa waliokuwa njiani msimamizi aliilazimisha miradi irudi. Tulisubiri foleni ya kazi za seva iishe kabisa. Kisha tukachukua vipimo: idadi ya miradi, jumla ya saa za Aprili, bajeti ya kila mradi unaoendelea. Nakala za hifadhidata zilichukuliwa baada ya vipimo hivyo.

Uhamisho wenyewe hauna simulizi. Kila hatua ilikuwa na jina la mtu, amri iliyoandikwa tayari, na muda tuliojua kutoka kwenye mazoezi. Saa ya uamuzi ilikuwa Jumapili saa sita mchana. Kama vipimo visingelingana kufikia hapo, tungerudisha anwani ya mfumo kwenye seva ya zamani na watu wangerudi kazini Jumanne bila kupoteza chochote. Vililingana. Jumatatu waliingia wapimaji ambao si watu wa TEHAMA: meneja mradi mmoja, mhandisi wa saiti aliyeko Dodoma, na karani wa malipo. Tuliwataka wafanye kazi yao ya kawaida, na pia wajaribu kufungua mradi wasioruhusiwa kuuona. Mradi huo ulipokataa kufunguka, nilijua makundi ya ruhusa yamefika salama.

Jumanne watu waliingia kwa anwani ile ile waliyoizoea. Kompyuta zenye Project Professional 2013 zilikuwa zimekwisha wekewa toleo la 2021. Maswali mengi yalihusu yale maombi mapya ya watu, kwa sababu meneja aliyezoea kujigawia fundi sasa anapaswa kusubiri idhini, na tuliendesha mafunzo mafupi kwa kila ofisi ya mkoa.

Sasa namwomba mkurugenzi bajeti ya kudumu ya seva za majaribio. Subscription Edition haina toleo jipya la kusubiri kila baada ya miaka kadhaa. Marekebisho huja kila mwezi, na vipengele vipya mara mbili kwa mwaka. Kila marekebisho nayapitisha kwanza kwenye seva hizo, juu ya nakala ya data yetu, kisha karani wa malipo anafungua faili la saa na kulinganisha jumla kabla sijagusa mfumo ambao watu wanautumia.