Nilivyopima mizizi ya mjafari Dodoma, mbali na bahari

Wakisikia napima mitishamba, watu huuliza: inaua kansa au haiui? Mimi nilianza na swali dogo zaidi: ina sumu kiasi gani? Kuotesha seli za saratani kunataka inkubeta ya nyuzi 37 yenye hewaukaa, naitrojeni ya kimiminika na umeme usiokatika. Hivyo hatukuwa navyo. Tulichoweza ni kutumia mabuu ya Artemia, kamba wadogo wa maji chumvi, kwa kipimo alichokichapisha Meyer na wenzake mwaka 1982. Ni chujio la kwanza kabla ya kugusa seli.

Mjafari niliupata vichakani upande wa Chamwino, nikiongozwa na mzee anayeutumia kwa homa. Shina lina vinundu vyenye miiba nchani, na ganda la mzizi ukilikwangua ndani ni la njano, chungu kupindukia. Tulichukua mizizi ya pembeni tu, tukafukia. Tawi lenye majani nililikausha kwenye magazeti likatambuliwe na mtaalamu wa mimea, kwa sababu jina la mtaani laweza kubeba miti miwili. Mizizi ilikaushwa kivulini, ikasagwa, ikalowekwa kwenye ethanoli, ikachujwa, kisha ethanoli ikaondolewa kwa joto dogo, likabaki dondoo.

Maji ya bahari nilitengeneza mwenyewe: gramu 38 za chumvi ya bahari kwa lita, isiyotiwa madini joto. Tatizo likawa baridi. Usiku wa Julai Dodoma unauma, na mayai ya Artemia yanataka kama nyuzi 25 hadi 30. Nilichukua boksi, nikafunga ndani balbu ya kizamani ile inayotoa joto, nikaziba nusu ya beseni kwa karatasi nyeusi. Mayai yakakaa gizani. Baada ya saa 48 mabuu walioanguliwa walifuata mwanga na kuacha maganda nyuma, nami nikawavuta kwa pipeti wakiwa safi.

Kila kichupa kilipata mabuu kumi. Vingine viliwekwa dondoo kwa vipimo tofauti, vingine DMSO peke yake, kile kimiminika kilichoyeyushia dondoo, na vingine saiklofosfamidi, dawa ya saratani ya hospitalini, ili niwe na cha kulinganishia. Rangi ya mjafari iliwaficha mabuu, basi nilihesabia juu ya karatasi nyeusi huku tochi ikimulika kutoka ubavuni. Baada ya saa 24 mabuu wa vichupa vya dondoo walikuwa wamekufa hata kwenye vipimo vya chini.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Shangazi, ambaye jirani yake anaugua saratani ya titi, akaniambia, “Mwanangu, si utuletee hiyo mizizi?” Nikamjibu, “Hapana, shangazi. Nimejua ina sumu, sijajua inamdhuru nani. Aendelee na sindano zake, na asinywe mzizi wowote bila daktari wake kujua.” Hakupenda. Ningemjibu vivyo hivyo leo.

Dondoo kavu nimelituma kwenye maabara yenye seli, na nimeomba mambo mawili. Kwanza, lipimwe kwa seli za saratani na za kawaida sambamba. Likiua zote sawasawa, halinifai. Pili, kwa kuwa kipimo chao husoma rangi ya njano inayogeuzwa zambarau na seli hai, na dondoo lina rangi yake, viwepo visima (vishimo vidogo vya sahani ya kipimo) vyenye dondoo bila seli, rangi hiyo itolewe kwenye hesabu.