Utamu wa saa nane: siku yangu moja Kyoto

Saa tisa na nusu usiku

Mwezi wa sita alfajiri ya Kyoto haina huruma. Adhana ya kwenye simu inalia mwendo wa saa tisa za usiku, na saa kumi na moja haijagonga jua limeshachomoza. Nimeacha kubishana nalo. Nikishaswali silali tena. Navaa, nashuka na baiskeli yangu.

Leo ni tarehe 30 Juni, katikati ya masika yao, wanayoyaita tsuyu. Si mvua ya kishindo kama yetu ya Aprili. Inanyunyiza tu kutwa nzima, hadi ukuta wa chumba unatoa jasho. Kuendesha baiskeli huku umeshika mwavuli ni kosa kisheria hapa, basi navaa koti la plastiki, na nafika kazini nimelowa kwa ndani badala ya nje.

Saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa tano

Niko jiko la mikate na vitamu katika hoteli moja ya hapa mjini. Asubuhi zote zinafanana: unga, siagi, trei, oveni, trei tena. Mkate wao wanauita pan, neno waliloachiwa na Wareno, kama sisi tulivyoachiwa meza na leso. Kila nikilitamka naona tumepitiwa na wageni wale wale, ila wao walibakishiwa mkate na keki, sisi tukabakishiwa Ngome ya Yesu ya Mombasa.

Saa nne mkuu wangu wa jiko akaja na karatasi yake. Hoteli inataka kitamu kipya cha msimu wa majani kuanguka, na anataka niende nikale mahali fulani kisha nimwandikie ukurasa mmoja. Nusu ya bei wanalipa wao. Nikamwambia nafasi ninayo tayari, nimewekewa miezi miwili iliyopita. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Saa sita mchana

Nikatoka kazini, nikaoga, nikawahi Adhuhuri kwenye msikiti mdogo ulio karibu na Gosho, kasri la zamani la wafalme. Sikula. Nilishaonywa nisile.

Saa saba na nusu

Aliyeniwekea nafasi ni Dada mmoja Mjapani aliyesoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka, ambako kweli kinafundishwa mpaka shahada, kisha akakaa Unguja mwaka mzima. Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari, kimenyooka mpaka kinanitia aibu. Nilimkuta chini ya mwavuli, mlangoni.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na njaa?"

"Njaa ya tangu jana."

"Vizuri. Leo tunakula oyatsu kwa saa yake halisi."

Hapo ndipo aliponipa kitu ambacho kimenikaa kichwani mpaka sasa. Oyatsu ni kitafunwa cha mchana. Kila mtoto wa Kijapani anakijua. Lakini yatsu maana yake ni nane. Kabla ya mwaka 1873, walipoingia kwenye saa na kalenda ya Wazungu, Wajapani waliugawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, kwa kufuata macheo na machweo. Kengele ya adhuhuri ilikuwa tisa, kisha walihesabu kwa kurudi nyuma, na iliyofuata ilikuwa nane. Ukiiweka kwenye saa ya leo inaangukia mbili ya Kizungu au inaipita kidogo. Yaani saa nane mchana. Yetu!

Nilisimama pale mvuani nikacheka peke yangu. Miaka mitatu naishi hapa, kila nikipanga miadi nabadilisha saa kichwani, kumbe kitafunwa cha mchana kina jina la saa ya Kiswahili. Ni sadfa tu, hesabu zenyewe zinakwenda pande mbili tofauti, lakini ilinitosha.

Saa nane mchana

Nyumba ni machiya, nyumba ya mbao ya kizamani, uso mwembamba na kina kirefu. Wenyeji huziita kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, na ukipita ule ujia wake mrefu unamwelewa mkunga. Unavua viatu, unaingia chumba chenye stuli sita tu mbele ya kaunta ya mti wa hinoki. Hakuna muziki. Mpishi ni mwanamke wa makamo, mikono mifupi, haongei ovyo. Walipochukua nafasi yetu waliuliza tusichokula, na Dada alishawaambia: bila pombe, bila jelatini ya nguruwe.

Kwanza kikaja kikombe kidogo, saizi ile ile ya kikombe cha muuza kahawa wa Forodhani. Ndani yake gyokuro, chai ya kivuli, iliyokamuliwa kwa barafu: donge la barafu linaachwa liyeyukie juu ya majani, tone kwa tone. Nikapiga funda moja. Jamani, ile si chai, ni mchuzi. Ina ule uzito wa supu ya pweza, bila pweza. Pembeni ukawekwa mchoro mdogo wa mawimbi, mweupe, umegongwa kwenye kibao cha kuchonga: sukari ya wasanbon, ya Tokushima na Kagawa kule kisiwa cha Shikoku. Haiumi meno. Unaiweka ulimini, inazimika.

Cha pili kilikuwa vipande vya kanten, bluu na zambarau, vimepangwa mithili ya ua la ajisai ambalo msimu huu limejaa kila ua wa nyumba. Kanten ni mwani. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba katika karne ya 17, hapa hapa Fushimi, mwenye nyumba ya wageni alitupa nje mabaki ya chakula cha mwani kilichoganda. Usiku wa baridi ukakigandisha, jua likakikausha, akaokota kitu chepesi kama karatasi ambacho ukikichemsha kinashika upya. Mimi nilikuwa namfikiria shangazi yangu Jambiani, kiuno ndani ya maji, anafunga mwani kwenye kamba. Wa kwetu ni wa aina nyingine, hautoi kanten; unauzwa nje kwa ajili ya karajini, ile inayotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno ili ziwe nzito. Kina mama wa pwani wanaulima tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wengi wao hawajawahi kuonja kilichotokana nao. Nikamwambia Dada. Akasema anayajua yale maji, aliwahi kukanyaga urumba kule, siku tatu hakutembea.

Cha tatu sikukipenda. Wageni wengine walipewa aiskrimu ya machicha ya sake, pombe yao ya mchele. Sisi tukabadilishiwa ya amazake, mchele uliochachushwa kwa kuvu ya koji na usio na ulevi, pamoja na tunda la biwa lenye rangi ya embe dodo lililoiva. Mpaka hapo sawa. Juu yake akabandika jani la dhahabu. Dhahabu haina ladha, haina harufu, haina kazi mdomoni. Bibi wa pembeni yangu aliipiga picha kumi, aiskrimu ikayeyuka.

Halafu mpishi akainama chini ya kaunta, akatoa sufuria la shaba.

Niliacha kuandika. Akapima wanga wa kijivu, mafumba mafumba, akaloweka kwa maji na sukari, akachuja, akainjika kwenye moto. Akaanza kukoroga kwa mwiko wa mbao. Ni wanga wa mizizi ya warabi, mmea wa porini, na kitamu chake huitwa warabimochi. Kuupata ni kazi, mizizi mingi inatoa wanga kidogo, na warabimochi nyingi za dukani zimepikwa kwa wanga wa viazi vitamu. Dakika za mwanzo ni maji meupe tu, kama tui la pili. Kisha chini ya mwiko kukatokea uzi mmoja mzito. Uzi ukawa utando, utando ukawa bonge, na bonge likaanza kubadilika rangi: weupe ukatoka, likaja kahawia lenye kung'aa, unaona mwanga unapenya. Mpishi sasa anakoroga kwa bega zima. Jasho linamtoka. Akageuza upande, kushoto, kisha akarudi kulia. Sufuria likawa linalia ile sauti ya "bwata, bwata" ya kitu kizito kinachoachana na shaba.

Nilikuwa naijua sauti ile. Marehemu babu yangu alikuwa mpika halua, Wete. Wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, sufuria la shaba kubwa la kukaa mtoto, na mwiko mrefu kama kasia. Sisi wajukuu tulipokezana saa nzima nzima, naye amekaa kwenye kibao anatazama mikono yetu. Sharti lake lilikuwa moja: ulikoanza ndiko unakomalizia. Ukianza kukoroga kulia, hugeuzi. Ukigeuza, unakatiwa zamu na huonji.

"Unalia?" Dada akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Moshi."

"Hakuna moshi, mdogo wangu."

Mpishi akalimimina bonge kwenye maji ya barafu, akalikata kwa mkono, akatuwekea vipande vitano vitano, juu yake kinako, unga wa soya iliyokaangwa, na kando kijibakuli cha asali nyeusi ya sukari guru. Kikiwa bado na joto ndani na baridi nje. Nikatia kimoja mdomoni, na kwa bahati mbaya nikavuta pumzi. Usivute pumzi ukiwa na kinako mdomoni. Unga ulinipanda puani, nikakohoa, na wingu la manjano likatua kwenye kaunta ya hinoki mbele ya watu watano wenye adabu zao. Hakuna aliyegeuza shingo. Mpishi akanisogezea kitambaa chenye unyevu bila kunitazama, na baadaye nikamwona amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Kuhusu ladha: si halua. Haina samli, haina iliki, utamu ni wa kukisia tu, mpaka uchovye kwenye ile asali. Lakini ule mvutano wa menoni, namna kinavyoshika kidogo kisha kikakubali, ni ule ule.

Cha mwisho kilikuwa cha tarehe. Minazuki, kitamu cha Kyoto kinacholiwa Juni 30: pembetatu ya uiro, unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, juu imefunikwa kwa maharage mekundu ya azuki. Ile pembetatu ni kipande cha barafu. Zamani barafu ilihifadhiwa kwenye maghala ya milimani ikateremshwa kasri wakati wa joto. Raia hawakuiona, wakajitengenezea ya unga. Na maharage yanafukuza mabaya. Kwetu mbaazi ni za nazi na chumvi, na mwaka wangu wa kwanza hapa maharage ya sukari yalinishinda kabisa. Sasa nayatafuta mwenyewe.

Tukala minazuki mpaka ikaisha, kwa kijiti cha kuromoji chenye harufu ya mti, ndipo akaleta koicha, matcha nzito. Utaratibu ni huo: kitamu kwanza, kiishe, kisha chungu. Majani ya matcha hii yalifunikwa kivuli wiki kama tatu kabla ya kuvunwa, yakasagwa kwa jiwe, na chai yenyewe haipigwi povu, inasongwa. Inatoka mji jirani unaoitwa Uji. Naapa. Na ni uji kweli: inashuka bakulini polepole, kijani kizito, unasubiri ikufikie mdomoni. Ule utamu wa maharage uliobaki ulimini ukakutana na uchungu wake, na kwa muda mfupi nilikuwa kwenye baraza la Wete na kikombe cha kahawa, halua imebaki kwenye vidole.

Yeni 6,600 kwa kila mtu. Sikushiba.

Saa kumi na moja jioni

Mvua ilikata. Dada alitaka kupita kwenye hekalu la Kishinto, kwa sababu leo nusu ya mwaka inaisha na watu wanapita ndani ya pete kubwa ya majani kujitakasa. Mimi nilibaki nje ya lango na viatu vyangu vilivyolowa, nikamtazama akizunguka kushoto, kulia, kushoto tena, anachora nane kwa miguu.

Saa moja na nusu usiku

Maghrib imeingia saa moja na robo. Nikapasha wali wa jana, nikala sahani mbili, ndipo nikakaa na ule ukurasa wa mkuu wangu. Niliandika mistari minne. Wanga wa kukoroga mbele ya mgeni, kwenye shaba. Iliki kidogo, zafarani kidogo, samli isimamiwe. Chai chungu ya hojicha badala ya kahawa. Na dhahabu hapana.

Kisha nikampigia Mama. Kwao ni saa saba na nusu mchana, bado kuna kelele za sahani. Nikamweleza yote, kikombe, mwani, kinako puani. Kinako kilimchekesha sana. Nilipofika kwenye sufuria la shaba akanyamaza.

"Alikuwa anakoroga upande gani?"

"Kulia."

"Mpaka mwisho?"

"Aligeuza, Mama. Mara moja tu, akarudi."

"Basi babu yako angemnyang'anya mwiko," akasema, na nikasikia anawahadithia waliokaa naye.