Bald Bull kanitoa jasho

Juzi baada ya isha nimekaa zangu barazani Old Town, binamu kaja na laptop kanifungulia gemu ya ngumi, Punch-Out!! ya Nintendo, ile ya mashine kubwa ya 1984. Skrini mbili bwana, moja juu ya nyingine! Na bondia wako kachorwa mistari ya kijani tupu, mwili wazi kama dema la samaki, ili umuone mpinzani aliye mbele yake. Glass Joe, Mfaransa, nikamlaza chapchap (huyo hata mtoto wa chuo anampiga). Sasa yule Mturuki mwenye upara, Bald Bull... weee, kila nikijaza mita ya KO (knockout, yaani kumwangusha mtu) niachilie ngumi kubwa ananiwahi, mie chini, kahawa imepoa na binamu anacheka mpaka majirani wanachungulia.