Baisepsi Hupokonywa Kazi na Mgongo

Kwa karibu miaka miwili nilikunja mikono kwa dambeli, vile vyuma vya kunyanyua kwa mkono mmoja, za kilo 20 kila moja, ili kukuza baisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, na mikono yenyewe haikuonekana kuwa na habari. Utepe wa kupimia ulinipa jibu lile lile mwezi baada ya mwezi, nami nikajiaminisha kwamba nilizaliwa na mikono ya kalamu. Kisha rafiki yangu akanirekodi kwa simu akiwa amesimama ubavuni mwangu, na nilipoitazama ile video nilimwona mtu anayekunja magoti, anayesukuma nyonga mbele, anayepinda mgongo nyuma na kupandisha mabega, hadi dambeli inafika juu kama ndoo iliyorushwa kutoka kisimani. Baisepsi ilikuwamo katika shughuli hiyo, lakini kama mpita njia. Juma lililofuata nilishuka hadi kilo 10, nikiona haya kidogo mbele ya wenzangu, na rudio la kumi na mbili likanishinda.

Tangu siku hiyo naamini kwamba karibu ufundi wote wa kukuza msuli huu ni kuzuia misuli mingine isiupokonye kazi. Baisepsi ni msuli mdogo, na majirani zake, yaani mgongo, nyonga na sehemu ya mbele ya bega, wako tayari wakati wote kuusaidia bila kuombwa.

Ili kuulinda ni lazima kujua unafanya nini. Una vichwa viwili, kimoja kirefu na kingine kifupi, ambavyo vyote huanzia kwenye mfupa wa bega, vikaungana na kushuka pamoja hadi kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Kwa kuwa umeshikamana na mfupa huo unaozunguka, kazi yake si kukunja kiwiko tu, bali pia kugeuza kiganja kitazame juu, kama unavyofanya unapokaza parafujo kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana ukishika dambeli, huku kidole gumba kikitazama mbele, ukaigeuza taratibu kadiri inavyopanda, utahisi msuli ukijikusanya kwa namna ambayo fimbo ya chuma haiwezi kukupa, kwa sababu fimbo haigeuki. Chini ya baisepsi kuna msuli mwingine mpana, ambao hukunja kiwiko bila kujali kiganja kinatazama wapi. Huo ukinenepa huuinua ulio juu yake, na njia rahisi ya kuupa kazi ni kukunja mikono ukiwa umeshika dambeli kama mtu anayeshika nyundo.

Sasa namna ya kukunja yenyewe. Simama imara, kaza tumbo na makalio, viwiko viwe karibu na mbavu, na kifundo cha mkono kisijikunje kuelekea kwako. Pandisha uzito bila kurusha, kisha ushushe kwa sekunde mbili au tatu hadi mkono unyooke kabisa. Sehemu ya kushusha ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Wengi huuachia uzito uanguke, halafu wakaanza rudio linalofuata kiwiko kikiwa bado kimejikunja nusu, na hivyo kuikwepa sehemu ambayo msuli umevutika zaidi. Binafsi nikiona kiwiko kimeanza kusogea mbele ili kusaidia, nahesabu kwamba seti, yaani mfululizo wa marudio kabla ya kupumzika, imekwisha, hata kama kwenye daftari niliandika marudio mawili zaidi.

Kukunja mkono ukiwa umesimama kuna kasoro moja: uzito huwa mzito zaidi pale kigasha kinapolala sambamba na sakafu, lakini chini kabisa hauna uzito wa kutosha. Ndiyo sababu napenda kuongeza benchi lililoinamishwa nyuzi 45 hadi 60, ambapo unaegemeza mgongo na kuacha mikono ining'inie nyuma ya kiwiliwili, ili kichwa kirefu kivutike tangu mwanzo. Jambo la pili zuri kuhusu benchi hilo ni kwamba mgongo ulioegemezwa hauwezi kuiba. Anza na uzito mwepesi kuliko unaoudhania.

Kuhusu kiasi, mtu anayeanza anatosheka na seti sita hadi nane kwa wiki, zikigawanywa katika siku mbili, na baadaye anaweza kupanda hadi kumi au zaidi kidogo. Asisahau kwamba mazoezi ya kuvuta, hasa kujivuta kwenye chuma viganja vikitazama uso, tayari yanaipa baisepsi kazi kubwa. Kila seti iishie pale ambapo umebakiwa na rudio moja au mawili ya kweli, na upumzike dakika mbili hivi kabla ya inayofuata.

Kuongeza uzito ndiko kunakohitaji akili zaidi. Mtu anayechuchumaa na kilo 100 akiongeza kilo 2, ameongeza asilimia 2. Anayekunja mkono kwa kilo 10 akiongeza kilo hizo hizo 2, ameongeza asilimia 20, na hapo ndipo mgongo unapoitwa kuja kusaidia. Kwa hiyo mimi hubaki na dambeli ile ile kuanzia marudio 8 hadi nifikishe 15 safi katika kila seti, ndipo nipande ngazi, hata kama itachukua wiki kadhaa.

Chakula sitakizungumzia sana. Protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku inatosha, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70, pamoja na usingizi wa kutosha. Na anayetaka mkono uonekane mnene ndani ya shati asiisahau trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, kwa kuwa ndiyo inayochukua zaidi ya nusu ya nyama ya mkono wa juu.

Pima mkono mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya mazoezi, kwa maana damu inayojaa kwenye msuli baada ya seti nzito hudanganya utepe na kioo pia. Ukipata maumivu makali ya ghafla mbele ya bega au ndani ya kiwiko, hasa yakiandamana na mlio wa kukatika, acha mara moja ukamwone daktari. Mimi sasa nakunja kilo 16, nikiwa nimeegemea benchi, na zile dambeli za 20 bado sijazirudia.