Madhabahu ya Edi na Ua la Mpopi

Somo: Yoshua 22:10–34

Wapendwa katika Bwana,

Wana wa Reubeni, wana wa Gadi na nusu ya kabila la Manase walikuwa wametimiza ahadi yao ya kupigana pamoja na ndugu zao, na sasa Yoshua amewabariki na kuwaruhusu warudi makwao ng'ambo ya Yordani. Walipofika mtoni wakajenga madhabahu kubwa, ya kuonekana kutoka mbali, wala hawakumweleza mtu sababu yake. Habari zilipoenea, mkutano wote wa Israeli ukakusanyika Shilo ili kwenda kupigana nao, kwa kuwa kila aliyesikia aliamini papo hapo kwamba hao wamemwasi BWANA kwa kujenga madhabahu nyingine. Waliotaka kuuana ni watu waliokuwa wamezika wenzao pamoja.

Nimekaa na sura hii wiki nzima, kwa sababu ya ugomvi ambao hurudi Uingereza kila mwaka inapokaribia tarehe 11 Novemba, siku ambayo mapigano ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalikoma Ulaya mwaka 1918. Wengi huko hubandika kifuani ua jekundu la mpopi la karatasi, kwa kuwa mipopi ndiyo iliyochanua katika ardhi ya Flanders, huko Ubelgiji, baada ya mizinga kuifumua. Mfaransa Anna Guérin ndiye aliyewapelekea wazo hilo British Legion, chama cha Uingereza cha wapiganaji wa zamani, mwaka 1921, na mauzo ya kwanza yakaleta zaidi ya pauni 106,000 za kuwasaidia majeruhi na familia zao. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kiwanda cha maua hayo, na walioajiriwa humo ni askari waliorudi vitani na ulemavu.

Mwaka 1933 chama cha wanawake wa vyama vya ushirika (Co-operative Women's Guild), ambao wengi wao walikuwa wamefiwa na waume, kaka au wana, wakatoa ua jeupe. Walitaka kukumbuka wafu wote wa vita, raia kwa askari, wa kila taifa, na kutamka waziwazi kwamba jambo lile lisirudiwe. Ua hilo likaja kuchukuliwa na Peace Pledge Union, umoja uliotokana na wito wa kasisi Dick Sheppard, ambaye mwaka 1934 aliwaomba wanaume wamwandikie kadi ya posta kuahidi kwamba hawataunga mkono vita tena. Sheppard alikuwa amewahudumia askari Ufaransa wakati wa vita ile, kwa hiyo alijua anachokikataa.

Tangu hapo watu hutazamana vifuani kabla ya kutazamana usoni. Wa ua jekundu husema kwamba jeupe linawatukana waliokufa na kuwapunguzia misaada waliobaki. Waziri Mkuu Margaret Thatcher alitamka bungeni mwaka 1986 kwamba linamchukiza sana. Wa ua jeupe husema kwamba jekundu linahesabu wafu wa upande mmoja na kuivika vita vazi la heshima. Lakini British Legion yenyewe imekwisha kusema kwamba haina pingamizi na ua jeupe, na wapo wanaovaa yote mawili. Nikisema yaliyomo moyoni mwangu, naegemea kwa wale wanawake wa 1933. Hata hivyo siwezi kulidharau ua lililotengenezwa na mtu aliyeacha mguu wake vitani, na sidhani kama Mkristo yeyote anaweza.

Yapo mambo ambayo hata ua halihitajiki ili yazue hasira. Mwaka 1982, baada ya vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, Askofu Mkuu wa Canterbury, Robert Runcie, alihubiri katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, na kuwataka waumini wawakumbuke pia waliofiwa wa Argentina. Baadhi ya wanasiasa walikasirika sana. Runcie alikuwa amepigana katika Vita ya Pili ya Dunia akiwa ofisa wa vifaru, akapewa nishani ya ushujaa. Nadhani ndiyo maana hakuona ugumu wa kumwombea mama wa adui.

Na sisi? Mtu anaweza kusema hayo ni ya Wazungu na maua yao. Lakini anayepita Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, hukutana na Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Maandishi yake ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu yanawataja pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi anayekufa kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Ukiizunguka sanamu hiyo pande zote hutakuta jina la mpagazi hata mmoja. Jina lililobaki ni la kikosi chao, Carrier Corps: Kariakoo kwetu, Kariokor kule Nairobi. Baada ya vita Gavana wa Tanganyika alitaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikataja ubaguzi kuwa miongoni mwa sababu na kuomba radhi.

Tena wazee wetu hawakuwa na upande mmoja. Mwingereza alichukua wapagazi, Mjerumani naye akachukua, na mara nyingi ni watu wa nchi ile ile. Hata ile saa ya ukimya haikuwa yao, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani huku yalisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kwa hiyo anayesema tuwakumbuke wafu wa kila upande anasema jambo ambalo kwetu ni la lazima: tukichagua upande, tunawaacha nje ndugu wa damu.

Turudi Yordani. Kabla ya kuinua upanga, Israeli ilimtuma Finehasi mwana wa Eleazari pamoja na wakuu kumi. Finehasi ndiye yule kuhani aliyeua kwa mkuki katika Hesabu 25, mtu asiyejulikana kwa upole. Akawakemea kwa ukali, lakini katikati ya ukali huo akawaambia kwamba kama nchi yao ni najisi, wavuke waje wapate milki kati yao. Alikuja kulaumu huku akiwa tayari kugawana ardhi. Kisha akasikiliza, na jibu alilopata halikuwa na uasi ndani yake. Walijenga kwa hofu kwamba siku moja watoto wa ng'ambo hii watawaambia watoto wa ng'ambo ile kwamba hawana sehemu katika BWANA. Waliogopa kusahauliwa. Finehasi akaridhika, vita ikafutwa, na madhabahu ikaitwa Edi, yaani shahidi.

Jumapili hii, kabla ya maombi ya watu wote, tutanyamaza kwa dakika mbili. Naomba kila nyumba iulize wazee wake na ije na jina la aliyekwenda vita ile, awe alibeba mzigo wa Mwingereza au wa Mjerumani, tulisome madhabahuni bila kutenganisha. Mwenye jina moja alete hilo moja. Na asiye na jina, kama sisi ambao ukoo wetu unajua tu kwamba kaka yake baba wa babu alichukuliwa na hakurudi, aseme hivyo hivyo mbele za Bwana.