Saini ya Pili

Nilikuwa na miaka 26 nilipomaliza kuandika riwaya ya kurasa 212 kuhusu kachero aliyeasi wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Jina la kachero mwenyewe silitaji, nalionea aibu mpaka leo. Alivaa koti la ngozi, tena Miami, kwenye joto la Julai. Alikuwa na bastola mbili, mke aliyeuawa ukurasa wa tatu, na bosi ambaye kila baada ya sura mbili alimfokea arudishe beji. Hakuna sura iliyoisha bila mtu kuning'inia mahali.

Kachero wa dawa za kulevya sikuwahi kumwona kwa macho. Nilichokijua nilikiokota kwenye riwaya zile zile nilizokuwa nikiziiga, zilizochapwa kwenye karatasi duni ya rojo la mbao iliyowapa Wamarekani jina la kuziita: pulp. Nilizisoma nyingi mno. Nikadhani kusoma ndiko kujua.

Rafiki yangu mmoja akaniambia baba yake mkubwa amestaafu kazi hiyo. Si Marekani, lakini aliwahi kusomeshwa na Wamarekani. Nikampelekea mswada. Zikapita wiki mbili kabla hajaniita.

Nilimkuta mezani, miwani imemshukia puani, penseli fupi mkononi. Kila alipomaliza ukurasa aliandika herufi mbili za jina lake kwenye pembe ya chini, kisha akaulaza kifudifudi juu ya wenzake. Nilipomuuliza za nini, akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua.

"Ili ijulikane nimeuona."

Kisha akaanza.

"Mtu wako huyu kaajiriwa DEA mwaka gani?"

"1969, mzee."

"Idara hiyo imezaliwa Julai 1973, wakati wa Rais Nixon. Miaka minne alikuwa analipwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba kabla yake ilikuwapo idara nyingine iliyoundwa 1968, na kabla ya hiyo ilikuwapo nyingine tangu 1930, chini ya Wizara ya Fedha. Ile ya zamani, ofisi yake ya New York iliingiwa na uozo, na uchunguzi wa ndani ulipoanza makachero wakaacha kazi kwa makumi.

"Waasi unaowatafuta walikuwa pale," akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyeruka kutoka kwenye helikopta."

Ukurasa wa 31 aliutia duara. Hapo shujaa wangu anapasua mfuko kwa kisu, anachovya kidole, analamba, na kutamka: "Safi. Ya Kolombia."

"Huyu amekufa," mzee akasema. "Riwaya yako imeishia hapa, nyingine zote ni maiti inatembea." Mtu hajui kilichomo mfukoni, anakitia mdomoni vipi? Akanionyesha kwa vidole jinsi inavyofanywa: unachukua chembe, kama ya chumvi inayobaki ncha ya kisu, unaitia kwenye kichupa chenye kemikali. Ipo kemikali ambayo kokeini huigeuza buluu. Ipo nyingine ambayo heroini huigeuza zambarau. Na hata rangi ikitoka hujathibitisha kitu, maana vitu vingine visivyo na hatia vinaweza kutoa rangi hiyo hiyo. Ni dalili tu. Neno la mwisho ni la mkemia.

Tukafika alipo mtoa habari. Shujaa wangu alikuwa amemrushia bunda la noti gizani, akayeyuka.

"Kasaini wapi?"

"Nani, mzee?"

"Wote. Aliyepokea, aliyetoa, na aliyeshuhudia. Hela ya mtoa habari haitoki kwa mkono wa mtu mmoja. Mkono mmoja hauaminiki, hata ukiwa wa malaika."

Hapo nikajitetea, maana nilikuwa nimeanza kuumia. Nikamwambia hii ni hadithi, msomaji hanunui hadithi ili asome fomu.

Mzee akavua miwani. "Msomaji hataki fomu, sawa. Lakini mwizi wako anaiba nini? Unga? Unga uko chini ya kufuli. Anachoiba kwanza ni karatasi."

Ndipo aliponisimulia kisa cha New York, ambacho baadaye nilikisoma mwenyewe. Heroini iliyokamatwa miaka ya mwanzo ya 1960, ya mtandao maarufu wa kutoka Ufaransa, ilihifadhiwa katika stoo ya vielelezo ya polisi. Mwaka 1972 ikagundulika kwamba mifuko mingi ina unga wa kupikia. Waliofichua walikuwa wadudu: walikuwa wanakula kielelezo na kunenepa. Heroini ilikwisha kutoka zamani, na haikutoka kwa kuvunja ukuta. Mtu alifika dirishani, akasaini daftari, akapewa mzigo.

"Unasikia mlio wa risasi hapo?" akaniuliza.

Nikarudi nyumbani na mswada chini ya kwapa, nimenuna. Siku tatu sikuugusa. Halafu nikaanza kufuta. Koti la ngozi likaenda, helikopta ikaenda, mke nikamfufua. Ikanichukua miezi miwili, nikabakiwa na kurasa 140, na uasi wote wa kachero wangu nikauweka katika ukurasa mmoja.

Saa nane usiku, ofisini. Wanaume wawili, mizani katikati yao, taa moja. Kachero anaweka mfuko juu ya mizani na kusoma uzito kwa sauti. Namba anayoitamka si ile inayoonyeshwa; imepungua gramu 200. Mwenzake amekaa upande wa pili, amechoka, tai imelegea, anafikiria mtoto aliyemwacha na homa. Kalamu iko mkononi tayari. Anasikia namba, anaiandika, anatia saini mahali pa shahidi. Macho hayakuinuka kutazama mizani. Mfuko unafungwa, unapigwa lakiri, basi.

Nikampelekea mzee. Safari hii alisoma mbele yangu. Ukurasa, herufi mbili pembeni, kifudifudi. Ukurasa, herufi mbili, kifudifudi. Mara moja alicheka peke yake, sikujua wapi. Mara moja alirekebisha tahajia.

Alipofika kwenye mizani akakawia. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Nje kulikuwa na watoto wakicheza mpira, ukagonga ukuta mara mbili, hakugeuka.

"Huyu aliyesaini," akasema hatimaye. "Huyu wa pili. Umempa jina gani?"

"Bado, mzee. Nilikuwa nawaza..."

"Usimpe."

Nikangoja aseme jingine. Akaulaza ukurasa juu ya wenzake, akaendelea na uliofuata, na hakuzungumza tena mpaka mwisho. Aliniaga vizuri, akanisindikiza hadi mlangoni.

Usiku nikakaa kuzipanga kurasa zangu. Zote zilikuwa na zile herufi mbili kwenye pembe ya chini, za penseli, ndogo, zimenyooka. Wa mizani haukuwa nazo.