Siku moja maabara na rangi ya njano ya fundi

Saa 1 na nusu nishafika, Tabora hii asubuhi ina baridi usiombe. Natoa vioo nilivyovipaka rangi juzi, ile njano ya fundi ikiwemo, vishakauka, maana hapa tunapima rangi kavu, ukipima mbichi ile tina ya kuyeyushia rangi inaongeza uzito afu risasi, ile metali ya sumu tunayoitafuta, inaonekana kidogo kuliko ilivyo.

Saa 2 nakwangua kwa wembe, nasaga, napima nusu gramu. Feni tunazima, unga ukipeperuka umekwisha.

Saa 3 asidi ya nitriki juu ya hotipleti, ndani ya kabati la kuvuta moshi, na hapa ndo siku inapoishia kwa kweli, moshi wa kahawia unapanda, unaongeza asidi kidogo kidogo, huondoki. Pembeni kuna bika lenye asidi tupu bila rangi, hilo likisoma risasi basi majibu yote ya siku tunatupa.

Saa 5 fundi kapiga. "Dada, vipi, tayari?" Bado kaka, inachemka. "Si ungegusa tu na kile kijiti kinachogeuka pinki?" Kijiti kinaweza kukuonyesha risasi ikiwa nyingi, ila hakikwambii kama rangi imevuka ppm 90, yaani sehemu 90 za risasi kwa milioni, na hicho ndo kiwango UNEP, shirika la mazingira la UN, inachopendekeza. Kumbe yuko chekechea anapiga msasa madirisha ya zamani, makavu! Nikamwambia alowanishe kwanza na watoto watolewe, lile vumbi ndo wanalokula.

Saa 7 koti linabaki ndani, nanawa mpaka viwiko, ugali na mlenda.

Saa 8 nachuja, najaza maji mpaka mililita 50, nawasha AAS, mashine inayopima metali kwa mwanga, moto wa asetilini, mwanga wa nanomita 283.3. Kwa vipimo hivi ppm 90 ni sawa na miligramu 0.9 kwa lita. Rangi nyeupe ya maji ikasoma karibu na sifuri. Njano ya mafuta, ile ya fundi, ikapita standadi ya juu kabisa, yaani kile kimiminika cha kulinganishia chenye risasi nyingi kuliko vyote, sikushangaa, ile njano kali mara nyingi ni kromati ya risasi. Nikazimua mara 100, ikasoma miligramu 2 kwa lita, yaani ppm 20,000, nikarudia na bika la pili wakakubaliana.

Saa 10 nampigia fundi. "Dada, makopo mawili bado sijafungua." Rudisha dukani. "Na hili nililofungua?" Lifunike vizuri kaka, usimwage mtaroni.